Ukifungua Mdomo Tu: Mitaa ya Nairobi na Mgeni Mwenye Lafudhi

Wiki yangu ya kwanza Umoja, mtaa wa mashariki ya Nairobi, nilikwenda kwa mama mboga nikasema, "Naomba nyanya za shilingi ishirini." Akaacha kukata sukuma, akanitazama kuanzia ndala hadi kilemba. "Unaomba? Hapa tunauza, mrembo." Foleni nzima ikaangua kicheko. Tanga nilikokulia, usiposema "naomba" dukani utaambiwa hukufunzwa. Nairobi ukilisema wanadhani huna hela. Nyanya nilipewa, na moja ya nyongeza juu yake, na jina nikapewa pia: Mama Naomba. Lilinifuata mpaka nilipohama.

Nimelikumbuka jina hilo kwa sababu dada mmoja wa Uvira kule Kongo, fundi cherehani mwenzangu, anatafuta nyumba na ameniuliza swali wanaloniuliza wageni karibu wote: akae mtaa gani ambako hawatamcheka akizungumza? Nimeishi Nairobi miaka kumi na minne, nimehama mara tano, na kazi ya kushona hunipeleka hata mitaa ambayo sijawahi kulala. Nikamwambia abadilishe swali. Kicheko cha Nairobi kinagawiwa bure. Hata Mluhya na Mkamba waliozaliwa hapa hapa wanaigizwa matamshi yao kwenye majukwaa ya vichekesho, na wao wenyewe wako mbele kushangilia. Mimi mtaa naupima kwa mambo matatu. Bei inapanda ukifungua mdomo? Mwenye nyumba anageuka akisikia unavyotamka? Na usiku askari wa doria akikusimamisha, kuna mtu atakayetoka mlangoni kwake aseme, "Huyo ni wetu"?

Kwanza, ulimi wako ni upi?

Lafudhi haziwekwi kwenye mzani mmoja. Mzungu wa Gigiri akisema "kitabu wangu" anapigiwa makofi kwa kujitahidi. Mrundi anayetembeza njugu akisema hivyo hivyo anaulizwa kitambulisho. Sisi wa Tanzania tumewekewa kiti chetu cha pembeni: tunaambiwa "hebu ongea tena, unaongea kama redio," tunasifiwa, kisha konda anataja nauli "finje" na hatujui ni hamsini. (Mbao ni ishirini, soo ni mia. Jifunze haya matatu kabla hujajifunza lolote.)

Mkongomani wa Kivu ana taabu ya aina yake. Amekuja na Kiswahili cha kuzaliwa nacho, "batu banakuya", na jiji zima linamsahihisha kama aliyekosea mtihani, ilhali anayemsahihisha mwenyewe atakwambia "vitu mob zimekuja", yaani vitu vingi vimekuja. Msudani Kusini anakuja na Kiarabu cha Juba na Kiingereza, Kiswahili anakianza hapa. Msomali katika lugha yake hana p, hana v, hana z, ndiyo maana pesa kinywani mwake huwa besa na polisi huwa bolisi. Herufi hiyo moja ni ndogo, lakini kuna miaka imemlaza mtu rumande.

Eastleigh na Majengo

Nazianza hizi mbili pamoja kwa sababu zinapakana, unaweza kutoka moja hadi nyingine kwa miguu huku chai yako ingali moto, na zinampokea mgeni kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo.

Eastleigh ilipangwa na wakoloni mwaka 1921, ikakaliwa na Wahindi na Wasomali tangu zamani. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 wakaja wengi zaidi, na nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikaanza kugeuzwa vyumba vya biashara. Maduka marefu unayoyaona leo yamefuata nyayo zake. Kwa kipimo cha bei, sijaona mtaa unaomtendea mgeni haki kama huu. Muuzaji mwenyewe ana lafudhi, jirani yake Mworomo naye ana ya kwake, na mnunuzi ametoka Kampala au Mwanza. Mkishindwa kuelewana anakuandikia namba kwenye kikokotoo, nawe unaifuta na kuandika yako. Nimenunua majora ya vitambaa humo miaka yote hii na sijawahi kuhisi kwamba ulimi wangu umenitoza hata shilingi.

Nyumba ni habari nyingine. Vyumba vingi vinapatikana kwa kujuana, na asiyejulikana na mtu anaweza kuzunguka wiki nzima akiambiwa "bado". Na usidhani wenyewe kwa wenyewe hawapimani ndimi. Waliotoka Somalia wana jina la utani wanalowaita Wasomali wa Kenya: "sijui". Ni Kiswahili hicho hicho, neno walilosikia likijibiwa mara kwa mara na watu ambao Kisomali chao kimechanganyika. Mara ya kwanza kulisikia nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe huku kwenye maduka, Kiswahili kizuri ndicho lafudhi ya kigeni!

Kipimo cha tatu ndicho kinachoiangusha Eastleigh, na kosa si la wakazi wake. Mwishoni mwa 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, na wenzake wakaenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikalitupa agizo hilo. Haukupita mwaka. Aprili 2014, baada ya milipuko mtaani humo, ikaja operesheni ya Usalama Watch: maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa, wakiwemo Wakenya halali ambao kosa lao lilikuwa sura na matamshi. Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa mtaa ambao wote wanafanana ulimi. Jirani akitoka kusema "huyo ni wetu", naye anaambiwa atoe kitambulisho chake.

Majengo, yaani Pumwani, ina hesabu nyingine. Ilianzishwa mwaka 1922, wakati Mwafrika hakuruhusiwa kukaa anapotaka, na waliojenga humo walikuwa Wamanyema, Waganda, Wahaya, Wanubi na watu wa pwani, mchanganyiko ambao lugha yake ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Matokeo yake yapo hadi leo. Nilipofika mara ya kwanza kupeleka kanzu nikamsalimu bibi mmoja kibarazani, "Shikamoo bibi," akaitika "Marahaba mwanangu, watoka wapi?" na kabla sijamaliza kujibu nimeshawekewa mkeka. Umoja nilipomsalimu mama wa miaka arobaini na tano vile vile alinuna siku tatu. Alidhani namwita kikongwe. Kwa Mtanzania, kwa mtu wa Ujiji au wa Buyenzi kule Bujumbura, hasa akiwa Mwislamu, Majengo ni kama kushuka basi nyumbani.

Ila useme ukweli wote. Nyumba nyingi ni za zamani, chumba kimoja kimoja, choo cha wengi. Mapokezi yake yanakuja na maswali: unamjua nani, umeletwa na nani, utakuwepo swalani? Asiyeswali atakaribishwa chai, lakini kiti chake kitakuwa cha mgeni muda mrefu. Na misako imewahi kupita humo pia, kwa hiyo mzee wa mtaa akitaka kujua habari zako usimwone mbea.

Nikiwa hapo kwenye Waswahili wa zamani, nitaje Kibra, yaani Kibera, kwa pumzi moja. Wanubi wake waliletwa na jeshi la mkoloni kutoka Sudan, wamekaa zaidi ya miaka mia, Kiswahili chao hakina dosari, na hati ya ekari 288 walipewa mwaka 2017. Bado kuna watu wanaowauliza "nyinyi ni wa wapi hasa?" Kwa hiyo mgeni anayeamini kwamba akishanyoosha matamshi maswali yatakwisha, aende akaonje mandazi ya Wanubi na awaulize wao.

Kayole na Umoja

Huku ndiko nilikokaa miaka mingi zaidi, kwa hiyo nivumilieni.

Mashariki ya jiji, kuanzia Umoja hadi Kayole, ndiko waliko Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wengi wa kipato cha kawaida. Utawajua kwa makanisa: ghorofa ya kwanza kuna duka la vifaa vya ujenzi, ya pili kuna kwaya inayoimba Kiswahili cha Bukavu, na mhubiri anatafsiriwa sentensi kwa sentensi. Utawajua kwa vitenge, kwa ususi, kwa kijana wa Burundi mwenye beseni la njugu na mayai ya kuchemsha.

Kuchekwa utachekwa. Watoto wa ploti, yaani wa nyumba ya vyumba vya kupanga, watakuiga mbele yako. Konda atarudia ulivyosema "shukisha miye hapa" mpaka mwisho wa safari. Jumapili baa ya kona itapiga Lingala kutwa, wakicheza nyimbo wasizoelewa hata neno moja, na Jumatatu hao hao watamwambia Mkongomani kwenye foleni ya maji, "Ongea Kiswahili bwana!" Huwa najiuliza inakuwaje sauti ipendwe kwenye spika na ichukiwe kwenye foleni. Jibu sina, ila nimeona kwamba baada ya miezi sita kicheko hugeuka jina, na mtu mwenye jina la utani ameshaandikwa kwenye daftari la mtaa. Mama mboga anamkopesha.

Bei: utalipishwa ya mgeni kama wiki mbili hivi, hasa bodaboda. Dawa yake ni kununua sehemu moja kila siku. Ukitawanya biashara yako kwenye vibanda kumi utabaki mgeni kwenye vibanda kumi.

Mwenye nyumba ndiye tatizo. Rafiki yangu wa Goma alipiga simu kuulizia chumba, akaambiwa kimechukuliwa. Nikapiga mimi dakika tano baadaye, nikaambiwa njoo uone. Tulipofika wote wawili, keateka, yaani mtunza nyumba, akacheka kwa aibu, akasema tajiri wake hataki "mambo ya wageni", labda alipe dipoziti ya miezi mitatu pale ambapo wengine wanalipa mmoja. Tulipata chumba, ploti ya pili yake, kwa sababu mpangaji mmoja alisema anatufahamu. Tangu hapo mtu akiniomba ushauri namwambia usipige simu. Nenda mwenyewe, mchana, na mtu anayejulikana pale. Lafudhi kwenye simu haina uso, na ni rahisi kukataa kitu kisicho na uso.

Kipimo cha tatu hapa nimekiona kwa macho. Ploti yetu ilikuwa na kijana Mrundi muuza njugu, mpole, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kama ngazi. Usiku mmoja askari wawili walimkamata langoni, beseni likiwa bado kichwani, wakamwambia karatasi yake haifai. Aliyetoka wa kwanza ni mama wa chumba namba nne, yule yule aliyekuwa akimwiga kila asubuhi bombani. Alitoka na leso kifuani na mwiko mkononi. "Huyo ni wetu, mnampeleka wapi?" Milango mingine ikafunguliwa. Hakukuwa na shujaa, palikuwa na kelele tu, na watu wengi waliokuwa macho. Askari wakapunguza sauti, wakaomba njugu, wakaondoka. Asubuhi yule mama akamwiga tena.

Kilimani

Sitakaa sana huku kwa sababu na wenyewe hawakai sana na mtu. Kilimani na Hurlingham kuna Wahabeshi na migahawa yao ya injera, Wanaijeria, Wazungu wa kompyuta za mapajani, wafanyakazi wa mashirika. Hakuna atakayekuiga. Hakuna atakayekuuliza watoka wapi. Unaweza kukaa mwaka mzima ghorofa ya saba bila kujua jina la mtu wa ghorofa ya saba. Bei za dukani zimebandikwa, mashine haisikii lafudhi. Mwenye nyumba hukutani naye, kuna ajenti, na ajenti anasikiliza akaunti yako ya benki.

Mtihani wa Kilimani uko langoni. Mlinzi, mwenyewe mtu wa Kakamega au Kitui mwenye lafudhi yake, ndiye anayepanga ndimi za dunia kwa daraja. Kiingereza cha London kinafunguliwa lango kabla hakijamaliza sentensi. Kifaransa kinapewa tabasamu. Kiingereza cha Lagos kinaombwa kitambulisho, namba ya nyumba, na kupigiwa simu juu. Nimepeleka nguo majumba hayo na wateja wa kila namna, nimeona mara nyingi mno kuamini ni bahati mbaya. Na kodi, bila shaka, inatosha kulipia vyumba kadhaa Kayole. Mwenye mshahara wa shirika na asiyetaka kujuana na mtu, pale panamfaa.

Barabara ya Thika, South C, na kule kwingine

Githurai, Zimmerman, Kasarani, Roysambu: vijana wa Sudan Kusini na wa Naijeria wengi wanakaa upande huu, wengine wanafunzi wa vyuo. Roysambu na Kasarani zimezoea wanafunzi, na mwenye nyumba anataka kodi ya mapema tu. Githurai, ambayo 44 na 45 zake ni namba za matatu zilizogeuka majina ya mahali, ina ukuta wa lugha: sokoni biashara inaanza kwa Kikuyu, bei inatajwa kwa Kikuyu, wewe wa Kiswahili unatafsiriwa baadaye, na wakati wa kutafsiri huwa kuna shilingi zinazoongezeka. Mkenya wa Kisumu analalamika vile vile, kwa hiyo usijihesabie uonevu peke yako.

Lakini upande huo na Kinoo ndiko waliko Washona, waliokuja kutoka Zimbabwe miaka ya 1960 kwa habari za dini, mafundi wa mbao na vikapu, na watoto wao wanasema Kikuyu bila kigugumizi. Majirani waliwazoea kitambo, wakaoana nao. Serikali ilitangaza kuwapa uraia Desemba 2020. Miaka yote hiyo katikati walikuwa na lafudhi sahihi na karatasi hakuna: mtoto hawezi kufungua akaunti, mzee hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake.

South C nimekaa mwaka mmoja na ndiko ningerudi kama kodi ingeniruhusu. Wasomali, watu wa pwani, Wahabeshi, wafanyakazi wa ofisini wa kila kabila, wote wako na wamezoeana. Hakuna kundi linalotosha kuwaamulia wengine namna ya kutamka. Pametulia. Na Rongai? Wenyeji wa Nairobi wanaiita "Diaspora" kwa jinsi ilivyo mbali, na kweli iko Kajiado, lakini wageni wengi wa Kongo na Rwanda wameifuata kwa unafuu wa kodi. Mhamiaji kuhamia Diaspora, hiyo wameshaniambia sana, msinirudie.

Karatasi mfukoni

Mwaka 2017 Rais Kenyatta alitangaza kwamba mtu wa Afrika Mashariki atafanya kazi na biashara nchini kwa kitambulisho chake tu. Kongo ikaingia kwenye Jumuiya mwaka 2022, Somalia 2024. Ni habari njema, lakini askari wa saa nne usiku hakuulizi nchi yako ilijiunga lini. Tembea na karatasi halisi, weka nakala nyumbani na nyingine kwa jirani. Ukisimamishwa, sema polepole kwa lugha unayoiweza vizuri zaidi, hata kama ni Kiswahili cha kwenu. Mara nyingi nimewaona wageni wakiharibu kwa kujaribu sheng, lugha ya vijana wa Nairobi. Askari akisikia "sasa buda" kutoka kinywa cha Bujumbura anahisi anadanganywa.

Dada wa Uvira amesikiliza yote haya akipindua pindo. Hesabu yake ilikuwa fupi kuliko yangu. Majengo hapana, yeye ni mlokole. Eastleigh kununua kitambaa tu. Kilimani akacheka. South C akaguna aliposikia kodi. Kasarani ingemfaa mwanawe akianza chuo, lakini huyo yuko darasa la tano. Imebaki Kayole, karibu na kanisa lenye kwaya ya kwao, ingawa anajua watoto wa ploti watamwiga "banakuya" kabla mizigo haijashuka kwenye mkokoteni.

Jumamosi tunakwenda kuangalia chumba, mchana, mimi na yeye na mpangaji mmoja wa pale anayetufahamu. Amefanya mazoezi ya kusema "nipe nyanya za mbao". Inamtoka kama amri ya jeshi. Nimemwambia aendelee na "naomba" yake, tutalipa kwa kicheko wiki mbili za kwanza. Kuhusu dipoziti, tutajua tukifika.